Nyundo, Dira na Stima ya Mto Shannon
(Hotuba kwa vijana wa mafunzo ya ubaharia na ufundi wa vyombo, Kigoma)

Ndugu mwenyekiti, walimu, na ninyi vijana mnaongojea vyeti, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kwa wale ambao hamkuniamkia.

Hapa mezani nimeweka vitu viwili, na cha tatu kiko chini, nimekifunga kwenye gazeti. Hiki cha kwanza ni dira yangu ya zamani. Cha pili ni spana namba 32. Nimeiazima kwenye karakana yenu asubuhi na nimeisainia, kwa hiyo nikisahau kuirudisha mnajua pa kunipata. Sasa tazameni. Dira ikiwa peke yake, sindano inaelekea kaskazini, kule juu ya ziwa, upande wa Burundi. Naisogeza spana karibu. Mnaona? Sindano imeiacha Burundi, inatafuta Kongo. Naiondoa spana, sindano inarudi nyumbani.

Nilipokuwa kijana wa kusafisha injini, kwenye chombo ambacho jina lake nitalimeza, kuna mtu aliacha spana kama hii chini ya kisanduku cha dira baada ya kukaza nati. Usiku mvua ikafunga, taa za pwani hazionekani, nahodha akaiamini dira kama alivyoiamini siku zote. Kulipopambazuka tukakuta mawe mbele yetu, karibu kiasi cha kuhesabu ndege waliotua juu yake. Hatukugonga, alhamdulillahi. Aliyeiacha ile spana namfahamu vizuri sana, na leo amevaa koti la kuazima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Ikiwa spana moja inaweza kumpoteza nahodha, basi dira iliyofungwa ndani ya chombo ambacho ubavu ni chuma, mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ni chuma, mataruma, zile mbavu za ndani, ni chuma na sitaha ni chuma, inawezaje kusema kweli? Ninyi mmezaliwa mkakuta meli ni za chuma, hamna haja ya kushangaa. Ila palikuwa na watu walioshangaa kwanza, na chombo walichokipimia mshangao wao kilikuwa stima ya abiria ya mtoni, iitwayo Garryowen. Ndiyo habari yangu ya leo.

Kabla sijaondoka gatini: nikisema stima nina maana ya chombo kinachokwenda kwa mvuke. Jirani zetu wa Kenya siku hizi wakisema stima wana maana ya umeme, na stima ikikatika kwao watu wanawasha mishumaa. Yangu ikikatika, watu wanachukua makasia.

Chuma kilianzia mitoni. Hilo mlishike, maana mambo yote mengine yanatokana nalo. Mwaka 1787 bwana mmoja mwenye viwanda vya chuma huko Uingereza, John Wilkinson, aliteremsha jahazi la chuma la mizigo kwenye mto Severn. Likaelea. Akamwandikia rafiki yake barua kwamba chombo kimetimiza matarajio yake yote na kimewanyamazisha wasioamini, ambao walikuwa 999 katika kila watu 1,000. Mimi siwacheki wale 999. Babu zetu wa Lamu walijenga mitepe kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, ikaenda bahari na kurudi. Mtu aliyezoea chombo cha namna hiyo ukimwambia apande juu ya sufuria, atakuuliza kwanza kama mama yako yu hai, aende akamwambie.

Mwaka 1822 ikaja stima ya chuma iliyokwenda mpaka baharini, Aaron Manby. Ilifuliwa katika kiwanda cha Horseley pale Tipton, katikati ya nchi kabisa, mbali na bahari. Ikapelekwa vipandevipande hadi London, ikaunganishwa, kisha ikavuka mlango wa bahari na kupanda mto Seine hadi Paris. Mabamba yake yalikuwa na unene wa robo inchi, yaani kama milimita sita. Nahodha alikuwa Charles Napier, ambaye baadaye alikuja kuwa amiri mkubwa. Ile kazi ya kujenga mbali, kufungua, kusafirisha na kuunganisha upya, watu wa Kigoma hamna haja ya kufundishwa. Liemba yetu ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja Dar es Salaam kwenye makasha, ikapanda reli, na ikateremshwa majini hapa mwaka 1915. Mbinu ile ilikuwa tayari na umri wa karibu miaka mia moja.

Kwa nini mitoni? Sababu ya kwanza ni kina. Mbao zenye nguvu ya kubeba injini ni nene na nzito, na chombo kizito kinazama sana, nao mto hauna subira na chombo kinachozama sana. Bamba la chuma ni jembamba, kwa hiyo gamba la chombo linakuwa jepesi kuliko la mbao lenye nguvu ileile, na stima inapita juu ya fungu la mchanga ambalo ya mbao ingelala hapo wiki nzima. Sababu ya pili haisemwi sana, nami ndiyo ninayoipenda: mtoni nahodha haihitaji dira. Ana ukingo kulia, ana ukingo kushoto, na mwanakijiji anayemfokea asimharibie nyavu. Chuma kilikua kikiwa kimelindwa na kingo mbili, na kasoro yake kubwa ikafichika.

Katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya Liverpool, kulikuwa na karakana ya William Laird na mwanawe John. Mwaka 1829 walijenga chombo chao cha kwanza cha chuma, na baada ya hapo hawakupumzika. Mwaka 1832 mwana mwingine wa nyumba hiyo, Macgregor Laird, alikwenda mto Niger na stima mbili, Quorra na Alburkah. Alburkah ilikuwa ya chuma, ndogo, futi 70 hivi, na ndiyo stima ya chuma ya kwanza kusafiri baharini mwendo mrefu namna ile. Jina lake ni neno la Kihausa ambalo ninyi mnalo pia: baraka. Walipokuwa wakiondoka, wajuzi wa gatini walitabiri kwamba jua la tropiki litawaoka kama mkate, ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabamba, zitalegea kwa mawimbi, na radi ya kwanza itawamaliza. Chombo kilifika mto Niger salama. Watu ndio hawakurudi: kati ya Wazungu 48 waliokwenda, 9 tu walirejea. Homa haikujali wamepanda mbao au chuma.

Haya, tuingie Ireland. Mto Shannon ndio mrefu kuliko yote kisiwani humo, kilomita 360 hivi. Unapita katikati ya nchi, unafanya maziwa, la mwisho likiwa Lough Derg, kisha unashuka kwa kasi hadi mji wa Limerick. Kuanzia Limerick mto unabadilika tabia. Maji ya chumvi yanaingia, yanapwa na kujaa, kingo zinaachana, na kwa karibu kilomita 100 mto unapanuka mpaka huwezi kusema ni wapi umeacha kuwa mto ukawa bahari. Kwa hiyo Shannon inataka vyombo viwili vya aina mbili: kimoja juu ziwani, kingine chini kwenye maji mapana.

Aliyeona biashara hapo alikuwa Charles Wye Williams wa kampuni ya stima ya City of Dublin. Aliagiza kwa Laird vyote viwili. Cha juu kiliitwa Lady Lansdowne, futi 133 kwa 17, kikapelekwa kwa vipande na kuunganishwa pale Killaloe mwaka 1833. Cha chini ni Garryowen, mwaka 1834, futi 125 kwa 21 na nusu, ambayo kwa mita ni 38 kwa 6 na nusu. Mabasi matatu yakifuatana yanakaribia urefu huo. Ilikwenda kwa magurudumu mawili makubwa ubavuni, yenye makasia ya kupigia maji. Rafadha mnayoijua ninyi, ile pangaboi ya kusukuma chombo kwa nyuma, ilikuwa bado majaribio ya watu wachache. Jina ni la mtaa wa Limerick, kwa Kiayalandi maana yake bustani ya Yohana, na ni jina la wimbo wa kucheza pia. Miaka mitatu baadaye Malkia Victoria alikalia kiti, kwa hiyo maisha ya kazi ya stima hii yalikuwa katika miaka ya mwanzo ya enzi yake, wakati kila mtu alikuwa bado anabishana kama chuma ni busara.

Nataka mwone ilivyojengwa, kwa sababu ninyi mnachomelea kwa umeme na ribiti mnaziona kwenye vyombo vya wazee tu. Ribiti inapashwa moto mpaka iwe nyekundu kama embe dodo lililoiva kupita kiasi. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Mtoto anaitoa kwa koleo, anaitupa, mwenzake anaidaka na kuichomeka kwenye tundu linalopita mabamba mawili. Mtu mmoja ndani anaikandamiza kwa chuma kizito, wawili nje wanaipiga kwa nyundo kwa zamu, ta-ta, ta-ta, mpaka kichwa kinakaa. Ikipoa inajikunja, na kwa kujikunja inayavuta mabamba yabanane kiasi ambacho maji hayapiti. Ni maelfu kwa maelfu ya ribiti, na kila moja imepigwa mara kadhaa. Wale mafundi walizeeka viziwi. Kaeni na hiyo nyundo kichwani, tutairudia.

Williams alikuwa na wazo lililomkera muda mrefu. Stima za mbao zilizokuwa zikivuka kwenda Liverpool zikigonga kitu zilijaa kutoka omo, yaani mbele, hadi shetri, yaani nyuma, na kwisha, kwa sababu ndani zilikuwa ghala moja. Akataka kuta za kukingama ndani ya chombo, zilizoziba kabisa, ili maji yakiingia chumba kimoja yakae humohumo. Wachina walikuwa wakifanya hivyo karne nyingi kabla yake, na Mmarekani Benjamin Franklin aliwahi kulishauri jambo hilo hilo kwa meli za barua. Tatizo lilikuwa mbao. Chombo cha mbao kinapumua: wimbi likikiinua katikati kinapinda, likikiinua ncha mbili kinabonyea, na ukuta wa mbao uliougongomelea ndani unaachana na ubavu taratibu mpaka uwe pazia. Chuma kwa chuma, ukuta unapigiliwa ribiti kwenye taruma lenyewe, unakuwa mwili mmoja na chombo. Tena ukuta huo unakaza mwili wote usipinde. Garryowen ndiyo stima ya chuma inayotajwa kuwa ya kwanza kupewa kuta hizo.

Fikirieni hesabu yake, kwa mfano tu. Chombo kina vyumba vitano, ubavu umetoboka chumba cha mbele. Maji yanaingia, omo inashuka kidogo, abiria wanapiga kelele, nahodha anasali kimoyomoyo, lakini boila iko chumba kingine na moto haujazimika. Mashine ikiwa hai, pampu ziko hai na unaweza kukimbilia ufukweni. Hii ndiyo tofauti kati ya ajali na msiba. Watu wa Kanda ya Ziwa mkisikia maneno haya kuna tarehe ya Mei 1996, ya kuzama kwa MV Bukoba, inawajia kichwani. Nami inanijia. Sitaigusa zaidi ya hapo leo.

Mwaka 1837 Williams aliueleza mpango wake mbele ya wanasayansi waliokutana Liverpool. Mwaka 1846 bunge la Uingereza likaweka sheria kwamba stima mpya za chuma ziwe na kuta za kuzuia maji. Miaka kumi na miwili kutoka stima moja ya mtoni hadi sheria ya nchi. Kwa serikali, hiyo ni mbio.

Katikati ya hapo kulikuwa na mtihani. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Januari 1839, Ireland ilipigwa na tufani ambayo Waayalandi wanaiita mpaka leo Usiku wa Upepo Mkubwa. Nyumba zilipoteza mapaa, miti ikang'olewa, na vyombo vilivyokuwa vimetia nanga vilikatika minyororo. Garryowen ilikuwa Kilrush, karibu na mdomo wa Shannon, ikatupwa ufukweni pamoja na vyombo vingine zaidi ya 20. Vya mbao viliumia vibaya. Garryowen ikavutwa majini, ikarudi kazini. Wajenzi wa chuma waliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, na ni haki yao. Ubao ukikandamizwa juu ya jiwe unavunjika. Bamba la chuma cha kufuliwa linabonyea, na boti iliyobonyea bado ni boti.

Sasa nani alipanda? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu historia za meli zinaandikwa na watu wapendao mashine na abiria wanakuwa mzigo. Safari ilikuwa Limerick hadi Kilrush, zaidi ya kilomita 60. Wenye nafasi walishuka Kilrush wakapanda magari ya farasi hadi Kilkee, kijiji cha ufukweni kilichogeuka mji wa mapumziko kwa sababu ya stima. Familia za Limerick zilikwenda kuoga maji ya chumvi na kula upepo. Mji ule ulikua juu ya magurudumu ya Garryowen na wenzake.

Lakini ukishuka gati hilohilo la Kilrush miaka kumi baada ya tufani, unakuta nchi nyingine. Viazi vilikuwa vimeoza tangu 1845. Wilaya ya Kilrush ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizovunjiwa nyumba kuliko zote: mpangaji akishindwa kodi, paa linabomolewa, familia inalala mtaroni. Desemba 1849 kundi la watu maskini walikwenda Kilrush kuomba kuingizwa kwenye nyumba ya msaada, wakakataliwa, wakageuka kurudi kwao kwa kivuko. Boti ilikuwa kuukuu ya mbao, imeoza, imejazwa kupita kiasi. Zaidi ya 30 walizama. Kwenye maji yaleyale, miaka kumi na mitano baada ya Williams kuweka kuta za chuma chini ya waogaji. Mimi ni fundi, napenda mashine, ila nikisoma hapo huwa naweka kitabu chini kwanza.

Turudi kwenye spana.

Nilisema mtoni huhitaji dira. Lakini mto wa chini ya Limerick si mto wa kingo mbili. Ukungu wa Atlantiki ukiingia hapo, ukingo wa kulia unapotea, wa kushoto unapotea, na nahodha wa Garryowen anabaki na kile kisanduku. Na kisanduku kimezungukwa na chuma. Mwaka 1835, mwezi Oktoba, ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, Edward Johnson, alipelekwa Shannon, ghuba ya Tarbert, kuipima. Garryowen ilisimamishwa, ikageuzwa taratibu kuelekea pande zote, na kila upande wakaandika dira ya chombo inasema nini na dira iliyoko nchi kavu inasema nini. Walitarajia kuona chuma kinavuta sindano, kama spana hii. Wakaona zaidi ya hapo. Stima yenyewe ilikuwa na tabia ya sumaku kamili: ncha yake moja iliitendea sindano tofauti na ncha ya pili. Hata dira iliyokuwa nchi kavu ilihisi stima inapogeuka.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Kama dira inakosea nyuzi 10 siku zote, si tatizo, unatoa 10 na safari inaendelea, kama saa ya baba yangu iliyokuwa mbele robo saa na nyumba nzima inajua. Dira ya meli ya chuma inakosea kushoto ukielekea mashariki, inakosea kulia ukielekea magharibi, na ukielekea upande mwingine inasema kweli tupu. Mwongo wa kila siku unamzoea. Huyu ni mwongo wa baadhi ya siku.

Sumaku ilitoka wapi? Mafundi wa Birkenhead hawakuweka sumaku. Jibu lilikuwepo tangu mwaka 1600, pale daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, William Gilbert, alipoandika kwamba mhunzi akikifua chuma huku amekilaza kuelekea kaskazini, chuma kinatoka na sumaku. Dunia ni sumaku kubwa, na kila pigo la nyundo linakitikisa chuma ndani kwa ndani, chembe zake zinapata nafasi ya kujipanga kuifuata dunia. Meli inakaa miezi mingi kwenye matengo yake, yaani magogo ya kuiegemeza inapojengwa, imeelekea upande mmoja, inapigwa maelfu kwa maelfu ya nyundo. Nyundo ileile iliyoziba maji ndiyo iliyoandika sumaku. Huwezi kuipata stima isiyovuja bila kuipata stima inayodanganya dira. Nikiwaza hivyo huwa natabasamu peke yangu, na mke wangu anauliza kulikoni.

Aliyepata dawa alikuwa George Airy, Mwanafalaki wa Kifalme pale Greenwich. Laird alikuwa amejenga stima kubwa zaidi ya chuma mwaka 1837, Rainbow, kwa ajili ya kampuni ya General Steam Navigation, ya kubeba abiria kati ya mto Thames na Antwerp. Mwaka 1838 Airy alipewa chombo hicho Deptford, jirani na kazini kwake. Akakigeuza kama Johnson alivyofanya. Penye dira ya mshika usukani akakuta makosa yanayofika karibu nyuzi 50. Nyuzi 50, wanangu! Unataka kwenda Bujumbura, unaishia kujieleza kwa watu wa Uvira. Airy akapiga hesabu, akaweka sumaku karibu na dira, zimepangwa kinyume na sumaku ya meli ili ziiue, na kando yake vipande vya chuma laini kwa ajili ya ile sehemu ya sumaku ya meli inayobadilika chombo kinapogeuka. Sindano ikatulia. Mwaka huohuo mabwana wawili wa Bristol, Claxton na Patterson, wakapanda Rainbow hadi Antwerp kuichunguza kwa niaba ya mhandisi Isambard Brunel. Waliporudi, meli kubwa ambayo Brunel alikuwa akiipanga kwa mbao ikawa ya chuma. Ndiyo Great Britain, iliyoteremshwa mwaka 1843.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Septemba 1846 Great Britain ilipanda ufukweni kwenye ghuba ya Dundrum, Ireland, na dira ikawa miongoni mwa waliotajwa kwenye lawama. Ilikaa hapo hadi Agosti mwaka uliofuata, ikipigwa na mawimbi majira yote ya baridi, ikatolewa ikiwa nzima, kama Garryowen Kilrush. Leo iko Bristol, watu wanalipa kiingilio kuiona. Januari 1854 bahati haikuwepo. Tayleur, meli mpya ya chuma kutoka Liverpool kwenda Melbourne, ilipotezwa na dira zake katika safari yake ya kwanza, ikagonga kisiwa cha Lambay karibu na Dublin, na mamia ya watu wakafa. Mchungaji William Scoresby, aliyekuwa baharia wa kuvua nyangumi kabla ya kushika Biblia, alikuwa akisema kwa sauti kubwa kwamba sumaku ya meli mpya haikai mahali: nyundo iliiandika, mawimbi yanaifuta kidogo kidogo, na sumaku za Airy zilizopangwa bandarini zinakuwa dawa ya ugonjwa wa jana. Alikuwa na haki. Airy naye hakupenda kuambiwa. Wakabishana magazetini kama wapenzi wa Simba na Yanga, na Scoresby, akiwa mzee, akapanda meli mwaka 1856 hadi Australia kwenda kuthibitisha.

Ndiyo maana chombo kikitoka matengenezo makubwa, mmebadilisha mabamba, mmechomelea, mmegonga, dira hupimwa upya kwa kukigeuza chombo pande zote na kuandika jedwali. Vijana wengi wanaliona jedwali lile kama karatasi ya ukaguzi. Jueni limetoka Tarbert. Na mkiona kwenye meli za zamani dira ina mipira miwili ya chuma kushoto na kulia kama masikio, hicho ni chuma laini cha Airy katika umbo alilolitengeneza William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin.

Nina neno moja la pembeni, kisha nikae. Nyumba hiyohiyo ya Laird ndiyo iliyomjengea Livingstone stima yake ya Zambezi, Ma Robert, mwaka 1858. Safari hii waliacha chuma wakajaribu chuma cha pua kilichokuwa kipya, mabamba membamba ya sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Mnajua bati la nyumba? Sio mbali sana nalo. Iliota kutu na matundu, ikala kuni kuliko ilivyokwenda, ikapumua kwa shida hadi wenyewe wakaiita mgonjwa wa pumu, na Desemba 1860 ikakaa kwenye fungu la mchanga na kujaa maji. Miaka 23 baada ya Johnson kupima Garryowen, kiwanda chenye uzoefu kuliko vyote kilitoa kopo. Lady Lansdowne, iliyojengwa robo karne kabla yake, mabaki ya gamba lake yangali chini ya maji pale Killaloe.

Sasa kile cha tatu. Nifungulieni hilo gazeti. Ni kipande cha nondo tu, milimita 16, kimekatwa kwenye ujenzi wa jirani yangu kwa idhini yake. Kijana wa shati la bluu, ndiyo wewe, njoo hapa, na mwalimu atupe nyundo. Kwanza isogeze nondo kwenye dira: ncha hii inavuta sindano, igeuze, ncha ile nayo inavuta. Zote sawa, haina upande. Sasa ilaze juu ya hiyo vaisi, ielekeze Burundi sawasawa, wenzako wakusaidie kuangalia. Piga. Usiogope, si ya serikali. Piga ishirini, kwa nguvu, kama unapigilia ribiti na msimamizi anakutazama. Mwingine ahesabu.

Basi inatosha. Ilete polepole kwenye dira, ncha ya kaskazini kwanza. Walioko nyuma sogeeni, msiniambie kesho kwamba hamkuona. Haya, igeuze.